Kidude Kilichoachwa Hurlingham

Kabla Nakhumicha hajagusa kifaa cha mtu, humwuliza mwenyewe kilikuwa kikifanya nini mara ya mwisho kikiwa kizima. Haulizi kiliharibikaje. Mtu akiulizwa kiliharibikaje hudanganya, hasa kama kilianguka chooni. Lakini ukimwuliza redio yake ilikuwa ikisema nini ilipozima, atakaa kwenye kile kistuli cha plastiki, afikiri kidogo, na mwishowe akwambie ukweli wote pamoja na mambo ya nyumbani kwake ambayo hukuyaomba. Nakhumicha huyasikiliza yote. Ni mama wa miaka hamsini na miwili, fundi wa vifaa vya umeme, na bado hajashiba kujua mambo.

Meza yake iko orofa ya tatu katika jengo moja la River Road, juu ya Were, mpiga chapa wa kadi za harusi, na chini ya gesti ambayo heri nisiitaje jina. Ana dirisha moja, hadubini moja ya mitumba, kichomeo cha kuyeyushia risasi ya kulehemu, blowa ya kupulizia hewa moto, na kalenda ya kanisa la Kikweka ambayo huandika juu yake majina ya wateja badala ya sikukuu. Ukipanda ngazi zile ukiwa na kifaa kilichokataliwa kwingine kote, mtu wa kwanza utakayemwuliza njia atakuelekeza kwake bila kukuuliza unamtafuta nani.

Ufundi huu aliuanzia Lavington, mtaa wa matajiri ambapo hakuna mtu anayetengeneza kitu. Alipotoka kwao Chwele akiwa na miaka kumi na tisa, alifikia kwa shangazi yake Rachael, aliyekuwa akifanya kazi kwenye nyumba moja yenye ua mrefu kuliko mlingoti wa bendera. Tajiri wa nyumba alitupa redio. Nakhumicha akaiokota pipani, akaifungua kwa kisu cha kumenyea viazi. Shangazi Rachael alipoingia chumbani jioni, alikuta redio imetandazwa kitandani vipande vipande kama samaki sokoni, akakaa mlangoni akashika kichwa. Jumapili redio ikasema. Ilishika stesheni moja tu, na hiyo moja ilikuwa ya mahubiri, lakini ilisema. Shangazi alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Wewe mikono yako si ya kuosha sahani ya watu." Juma lililofuata akampeleka River Road kwa Mzee Obuya, fundi wa redio kutoka Siaya, akamwacha pale.

Mzee Obuya alikuwa mkali, mfupi, na msafi wa kuudhi. Alikuwa na sheria moja aliyoishika kuliko nyingine zote: ukimtolea mteja kipuri kibovu, unamrudishia kile kibovu mkononi. Mafundi wengi wa Nairobi hufanya hivyo, na sababu yao inajulikana; mteja asipokiona kile cha zamani hataamini umemwekea kipya. Mzee Obuya yeye alikuwa na sababu nyingine. Siku moja Nakhumicha alitupa transista iliyoungua, kitu kidogo kama punje ya njegere, na mwenye redio akaiulizia. Mzee alimshusha hadi uani, akamwonyesha rundo la takataka za jengo zima, akarudi juu kunywa chai. Nakhumicha alichambua maganda ya ndizi na karatasi za mpiga chapa kuanzia saa nne hadi saa tisa. Alipopanda na ile transista mkononi, akinuka, Mzee alimwambia, "Mtu akinunua kitu, hata maiti yake ni yake. Si yako." Nakhumicha alikasirika siku ile mpaka akalia. Mzee alifariki miaka kumi iliyopita, na sheria yake bado iko pale mezani.

Sasa tufike kwa Wachira.

Alikuja Jumatano moja ya mwezi wa nane, saa tatu asubuhi, mwanamume wa miaka sitini na kitu aliyevaa kofia ya kienyeji ya sufu na koti zuri lenye vumbi. Ni mtu wa Kikuyu, mwalimu mstaafu, na pensheni yake aliiingiza kwenye kombaini, lile jitu la kuvuna ngano, alilolinunua likiwa limetumika. Msimu ule alikuwa amekodi shamba Narok akapanda ngano yake mwenyewe. Alikuwa ameshika kidude kipya ndani ya sanduku lake, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeongea na maofisa siku nne mfululizo.

"Madam, wanasema wewe huwa huogopi," alisema.

"Huogopa sana, Mzee. Keti. Mashine ilikuwa inafanya nini mara ya mwisho ikiwa sawa?"

Wachira akaketi. Mashine, akaeleza, ilikuwa ikivuna Alhamisi, ekari ya kumi na moja kati ya tisini. Taa ya njano ikawaka. Kioo kikaandika kwamba sensa ya moshi, yaani kile kidude cha kwenye egzosi kinachonusa moshi na kuiambia kompyuta ya injini kama ni mchafu, imeharibika. Tangu hapo kombaini ikakataa kukimbia. Injini inawaka, lakini inatembea kama bibi harusi, na ule mtambo wa kupura haushiki kasi ya kutosha. Fundi wake kule Narok, kijana anayeitwa Kisilu, alikitoa kidude kibovu. Wachira akaja Nairobi akanunua kipya, halisi, kwa wauzaji wa kombaini wenyewe kabisa, kwenye ofisi yao ya Hurlingham. Kisilu akakifunga. Mashine ikaendelea kutembea kama bibi harusi.

"Kwa nini?" Nakhumicha akauliza. Alikuwa ameinama mbele kabisa.

"Nimekitoa, nikarudi kuwauliza. Wanasema kidude ni kizuri, ni chao, lakini hakijatambulishwa."

"Hakijatambulishwa kwa nani?"

"Kwa mashine."

Nakhumicha akaegemea kiti akacheka, na hakucheka kwa dharau. Alikuwa ameona kanisani wageni wakisimamishwa wataje majina na walikotoka, na mzee wa kanisa akiwapokea. Hakuwahi kufikiri kwamba chuma nacho huketi nje kikingoja kukaribishwa. "Na huyo mzee wa kanisa ni nani?"

"Kijana mmoja mwenye laptopu. Yeye peke yake Kenya nzima. Ameenda kozi ng'ambo, anarudi baada ya wiki mbili." Wachira akavua kofia. "Idara ya hali ya hewa inasema mvua Jumapili. Ngano imekauka, imesimama. Ikinyeshewa sasa itaota ikiwa kwenye suke. Kombaini za majirani zote zimeshikwa mpaka mwisho wa mwezi. Mama, mimi nimeweka kila kitu hapo."

Nakhumicha akakichukua kile kidude kipya akakiweka chini ya taa. Kilikuwa na bomba fupi la chuma, waya, na kisanduku cheusi cha plastiki kilichofungwa kwa gundi pande zote. Alikigeuza kile kisanduku mara tatu. Kitu kizima kikakataliwa na kingine kizima, jambo hilo lilimkuna kichwani mahali asipoweza kufikia. Halafu akakumbuka wino wa Were.

Mwaka uliopita Were alikuwa akijaza wino upya kwenye vibweta vya printa yake, na printa ikawa inakataa, inasema haivijui. Nakhumicha alikuta kwenye kila kibweta kumbukumbu ndogo ya kielektroniki, yaani chipu yenye miguu minane, iliyoshika namba. Printa haikuwa ikiangalia wino hata kidogo. Ilikuwa ikisoma namba. Alihamisha ile kumbukumbu kutoka kibweta ambacho printa ilikijua, akaipachika kwenye kingine, na kadi za harusi zikaendelea.

"Mzee," akasema polepole, "kama hii nayo ni hivyo, namba ambayo mashine yako inajua iko ndani ya ile sensa ya zamani. Iliungua pua, si kichwa. Naweza toa hiyo kichwa niweke kwa hii mpya. Ile ya zamani iko wapi?"

Wachira alitazama kofia yake.

"Kisilu hakukurudishia?"

"Alinirudishia. Kwa karatasi ya nailoni. Mimi mwenyewe nilimdai." Akakohoa. "Niliiacha Hurlingham. Kwa ofisi."

"Walikuandikisha?"

"Hapana. Yule msichana alisema tu, 'Hiyo ya zamani acha hapa.' Nikaacha."

Tuseme ukweli, huyu ni mtu ambaye fundi wa River Road akimbadilishia balbu ya tochi atataka balbu ya zamani, na ataikagua juani. Lakini kule Hurlingham kulikuwa na zulia, maji ya kunywa yenye limau, na msichana aliyemwita "sir". Wachira akaona aibu kudai kitu kibovu mbele ya zulia. Nakhumicha alimwelewa vizuri. Hata yeye akiingia benki huwa anaongea kwa sauti ya kanisani.

"Twende tukaiulize," akasema, akafunika hadubini kwa leso.

Msichana wa mapokezi pale Hurlingham aliitwa Debra, na alikuwa na adabu. Aliposikia wanachotaka, tabasamu lake likabaki mahali pake lakini macho yakaenda kumtafuta meneja. Meneja, Mwanzia, akatoka na kikombe cha chai mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililowapa shida, kwa sababu mtu mbaya ungejua pa kumshikia.

"Vipuri vya zamani huwa tunabaki navyo, sir," alimwambia Wachira. "Ni policy."

"Mnazifanyia nini?" Nakhumicha akauliza.

"Samahani?"

"Hizo za zamani. Nauliza tu, nataka kujua. Zimekufa. Mnazifanyia nini?"

Mwanzia akapuliza chai yake. "Zinarudishwa kiwandani."

"Zote?"

Akamtazama Debra. Debra akatazama kompyuta yake. "Ziko kwa katoni, sir," akasema kwa sauti ndogo. "Huko store. Tangu nianze kazi hapa haijawahi toka."

"Katoni ngapi?" Nakhumicha akauliza, na kusema kweli hakuwa akigombana. Alitaka kujua ni ngapi.

"Tatu."

Mwanzia akaweka kikombe chini. Nakhumicha aliona wazi kwamba yule bwana mwenyewe hakujua, na kwamba kutojua kule kulianza kumsumbua papo hapo, na kwa hilo akampenda kidogo. Kisha akamwomba aonyeshwe karatasi ambayo Mzee Wachira alitia sahihi kuwapa kile kidude. Karatasi hiyo haikuwepo. Kulikuwa na risiti ya kidude kipya, basi.

"Nitakurudishia," Mwanzia akamwambia Wachira hatimaye, "lakini nikwambie ukweli, nisije nikakuficha. Hiki kidude kipya kikifunguliwa na mtu wa nje, mashine yako inatoka kwa mikono yetu. Kijana wetu akirudi hataigusa. Ikikwama umekwama nayo. Utatia sahihi kwamba nimekuambia."

Wachira akamgeukia Nakhumicha. Mkono wake ulikuwa juu ya kaunta, na vidole vilikuwa vikipigapiga. "Mama Nakhumicha. Utaweza?"

Angeweza kusema ndiyo. Mafundi wengi wangesema ndiyo kabla swali halijaisha. "Sijui, Mzee," akasema. "Ya wino niliifanya. Hii sijawahi kuona ndani yake. Nikikosea na joto inakufa, na iko moja tu."

Wachira akatazama nje, kule magari ya barabara ya Argwings Kodhek yalikokuwa yakisongamana. Nakhumicha akatamani Wachira aseme hapana. Alitamani sana, na wakati huohuo alijua kwamba Wachira akisema hapana, yeye hatawahi kujua kilichomo ndani, na moyo ukamuuma kwa sababu hizo mbili pamoja. Wachira akachukua kalamu akatia sahihi. Debra akaenda stoo akarudi na karatasi ya nailoni iliyofungwa kwa waya, na juu yake mtu alikuwa ameandika WACHIRA kwa kalamu ya wino mzito.

Walirudi River Road, na Nakhumicha akafunga mlango, jambo ambalo huwa hafanyi. Alianza na gundi. Ilimchukua saa nzima kuikata kwa wembe uliopashwa moto, utepe mwembamba baada ya mwingine, huku Wachira ameketi kwenye kistuli akipumua kwa uangalifu kana kwamba pumzi yake ingepeperusha kitu. Alipofungua vyote viwili akavilaza sambamba chini ya hadubini. Vilifanana kama mapacha. Na kwenye kila kimoja, pembeni, kulikuwa na kile alichokuwa akikitafuta, chenye miguu minane, kidogo kuliko punje ya ngano.

"Njoo uone, Mzee."

Wachira akainama kwenye hadubini, kofia ikamtoka. Alitazama kwa muda mrefu. "Hiyo tu?" akauliza. "Hiyo ndiyo imenisimamishia ekari tisini?"

"Kama nimekisia vizuri."

Alianza na kidude kipya, kwa kuwa kumbukumbu yake hata ikiungua haingekuwa hasara. Ilitoka vizuri. Halafu akavuta kile cha zamani, akakielekezea blowa, akaizima. Akashuka kwa Were akaomba maji, akanywa, akazungumza naye mambo ya harusi ya mtu, akapanda tena. Safari hii hakuizima. Alihesabu kimoyomoyo kama Mzee Obuya alivyomfundisha, na alipofika thelathini na moja ile punje ikaogelea kwenye risasi, akainyanyua kwa koleo. Dakika kumi baadaye ilikuwa imekaa katika nyumba yake mpya, miguu yote minane imeshika. Akaziba kwa gundi. Kisha akachukua karatasi ya nailoni, akatia ndani kile kidude cha zamani kisicho na kichwa, na ile kumbukumbu ya kidude kipya akaibandika kwa selotepu kwenye kipande cha kalenda, akaitia humo pia, akamkabidhi Wachira.

"Hii ni yako."

"Nitaifanyia nini?"

"Sijui. Ni yako."

Alhamisi alfajiri Wachira akaondoka kwenda Narok. Siku ile Nakhumicha hakufanya kazi ya maana. Alitengeneza spika ya subufa ya mtu akaifunga nyaya kinyume, akaifungua tena. Kila mara alikuwa akijiuliza kama namba ni moja au ni mbili, na kama ya pili imefichwa mahali asipopaona. Juu ya majengo mawingu yalikuwa mazito. Saa saba mchana simu ikalia.

"Mama, Kisilu amemaliza kufunga. Nataka kuwasha. Nikwambie—"

"Usiniambie," Nakhumicha akasema. "Weka simu karibu na injini. Wacha nisikie mwenyewe."

Akasikia upepo wa Narok. Akasikia mtu akipanda ngazi ya chuma, kisha mlio mmoja wa kengele, na injini ikashika. Ilikuwa ikinguruma chini, kivivu, na Nakhumicha akafumba macho. Ilibaki vilevile. Akahesabu hadi ishirini. Ikabaki vilevile, na akaanza kutafuta maneno ya kumwambia yule mzee wa watu. Halafu ikapanda. Ilipanda taratibu, kisha yote kwa pamoja, na nyuma yake ule mtambo wa kupura ukashika kasi, na mtu mmoja, lazima alikuwa Kisilu, akapiga mbinja. Wachira hakukata simu. Nakhumicha alisikiliza kombaini ikiondoka, ikienda mbali na simu, hadi ikawa mvumo tu. Alikuwa akilia. Were alipopanda kuuliza kuna nini, alimwambia ni moshi wa risasi.

Walivuna Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Mvua ilikuja Jumapili saa nane, lori la mwisho likiwa limeshafunikwa turubai.

Jumanne Wachira akapanda zile ngazi akiwa na kilo kumi za unga wa ngano yake mwenyewe na ile karatasi ya nailoni. Unga ukapokelewa. Karatasi akaiweka mezani, akasema, "Hii nakuachia. Itundike hapo ukutani iwe ukumbusho."

"La, Mzee. Kitu ya mtu haibaki hapa."

"Lakini mimi ndiye ninakupa."

"Hata. Beba."

Wachira akaichukua, akaigeuza mkononi. Nakhumicha alimwona akifikiria. "Zile katoni tatu," Wachira akasema. "Unajua sijalala vizuri kwa sababu yazo? Mimi nawajua wengine wenye kombaini. Wote wameenda pale Hurlingham. Wote wameona lile zulia."

"Ni wangapi?" Nakhumicha akauliza.

"Ndio nataka kujua," Wachira akasema, akateremka.

Ikapita wiki. Asubuhi ya Jumatano, Nakhumicha akiwa ameinamia redio ya kasisi mmoja, simu ikalia kutoka namba asiyoijua. Ilikuwa sauti ya kike, ya chini chini, ya mtu aliyejificha stoo.

"Mama, ni Debra, wa Hurlingham. Kuna wazee tisa hapa reception. Wengine wametoka mpaka Timau. Kila mtu anataka kidude yake ya zamani, na wamekataa hata kuketi. Boss amebeba katoni mwenyewe anawasomea majina." Akavuta pumzi. "Mama, uliwaambia nini hawa watu?"

"Mimi? Sikuwaambia kitu," Nakhumicha akasema. "Nilimwuliza mmoja tu, yake iko wapi."